Kuhesabu Ndege Wakati Hawapo

Nilisikia kabla sijaona. Ulikuwa mlio mkavu, wa haraka, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana: tik-tik-tik-tik, ukanyamaza, ukaanza tena mahali pengine. Jua lilikuwa limezama upande wa pili wa mtaa wa Diepsloot, kaskazini mwa jiji, na moshi wa mapishi umetanda juu ya mabati. Nilisimama ndani ya nyasi zilizonifika kifuani, maji yamejaa viatuni, mkononi nimeshika ncha ya kamba ambayo sikujua kazi yake. Nikainama nikitafuta chura.

"Si huko, Bi Mwana," akasema msimamizi wangu. "Angalia juu."

Juu kulikuwa na kivuli chenye uso. Uso mweupe wa umbo la kopa, mabawa mapana yasiyotoa hata pumzi, miguu mirefu ikining'inia nyuma. Alituzunguka mara moja, akashuka mbele yetu, na nyasi zikajifunga juu yake kama hazikuwahi kufunguka.

"Bundi wa nyasi," msimamizi akaniambia. "Hakai mtini, hakai kwenye paa. Analala chini na anazaa chini. Ukimwondolea majani, hana kwingine."

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kwanza kazini. Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, na simu zenu zinazotambua ndege kwa mlio, nataka mjue tangu hapa kwamba maneno yale, mnayoyasikia kwangu siku hizi, hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mtu huyo, Mkenya wa Nakuru, ambaye sote tulimwita Daktari kwa sababu alikuwa amesomea ndege hadi mwisho wa masomo. Sijapata mwalimu bora kuliko yeye. Ninaandika haya nikiwa nimemkasirikia. Binti yangu ameniambia ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Nimengoja. Haipoi.

Nilitoka Tanga na mume wangu, tukapanga chumba Berea, karibu na katikati ya jiji, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika. Nilikuwa nasafisha ofisi kule Randburg. Ghorofa ya pili palikuwa na kampuni ndogo iliyofanya tathmini: kabla mtu hajajenga nyumba nyingi mahali, lazima wataalamu wachunguze maji, mimea na wanyama waliopo, kisha waandike ripoti. Kampuni ile ilichunguza ndege. Siku moja mshika kamba wao mmoja aliacha kazi, na Daktari akatoka kwenye korido akaniuliza kama naweza kutembea kwenye matope kutwa nzima bila kusema neno. Nikamjibu kwamba kutembea naweza. Akacheka, akanichukua.

Kazi yenyewe iliitwa kupitisha kamba. Mnachukua kamba ndefu, mnafunga juu yake chupa za plastiki zenye kokoto, kila hatua chache chupa moja. Mshika ncha mmoja huku, mwingine kule, na katikati, nyuma kidogo, anatembea mtazamaji. Kamba haiburutwi ardhini. Inapita juu ya ncha za majani, chupa zikichakarisha, na ndege aliyejificha anaruka. Mtazamaji ana muda wa kupepesa jicho kumtambua. Hamwiti mtu kwa jina. Mkono ukiinuliwa mnasimama, ukishushwa mnaendelea. Mshika ncha mbaya ni yule anayekimbilia kumaliza, maana kamba ikienda upande, ndege anapenya chini ya pembe na mnaandika kwamba hayupo kumbe mmemruka.

Mshika ncha mwenzangu alikuwa Déo, Mkongo wa Uvira, mrefu, mwenye suruali zilizopigwa pasi hata kwenye kinamasi. Tulikaa kwenye kamba moja karibu maisha yote ya kazi yangu. Mtu unayeshika naye kamba unamjua kuliko jirani. Nilijua kwa mvuto wa mkono wake kama amechoka au amepokea simu mbaya kutoka kwao.

"Dada Mwana, weye unavuta sana," alizoea kuniambia tukipumzika. "Unafikiri huku ni kuvuta ng'ombe?"

"Wewe unatembea kama bwana harusi. Nani atakungoja?"

"Ndege watangoja. Beko na adabu kuliko weye." Kwao "wako" ni "beko".

Lakini kamba ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kalenda, na hiyo ndiyo Daktari aliyotupigia kichwani tangu mwanzo, ndani ya pikapu, kwenye mvua, tukila mkate na achari. Jiji hili liko juu, lina baridi kali, na kinamasi chake si kimoja kwa mwaka mzima. Mwezi wa kumi na moja mvua zinashika, majani yanachipua, na wageni wanafika: kozi wadogo wenye miguu myekundu wanaotoka Asia na kupanga foleni juu ya nyaya za umeme, mbayuwayu, na viluwiri, ndege wa majanini wa rangi ya kahawia kutoka Ulaya, ambao hupenda kukimbia kuliko kuruka. Januari nyasi zinakufika kifuani. Kuanzia Februari bundi wa nyasi anataga. Anatengeneza vichochoro ndani ya majani, vimeezekwa juu, na mwishoni mwa kichochoro kuna sebule ndogo iliyokanyagwa, mayai meupe yamelala juu ya majani makavu. Mwezi wa tano makinda yanajifunza kuruka. Mwezi wa sita umande unaganda, nyasi zinakufa zikiwa zimesimama. Na Julai, watu wanachoma. Ukienda Julai mahali palipochomwa, utaona ardhi nyeusi, utaona kanga wanaokota wadudu waliokaangwa, na utarudi nyumbani ukiapa kwamba hapo hapajawahi kuishi kitu.

"Ndege si mti," Daktari alisema. "Ukiniambia mahali tu hujaniambia kitu. Niambie mahali na mwezi."

Mkurugenzi wetu wa kwanza, mama mmoja wa hapahapa aliyeongea maneno machache na kuyatupa kama mawe, aliifanya hiyo kuwa amri ya nyumba. Kila kiwanja kiendewe mara mbili, majira ya mvua na majira ya baridi, au kazi isichukuliwe. Wateja walinung'unika. Wapo waliotoka ofisini wamefura. Yeye alikuwa akiwafungulia mlango mwenyewe.

Chini yake nilitumwa kila upande. Miaka ya mwanzo nilikuwa kusini mwa jiji, kwenye vinamasi vikubwa vya mashambani, ambako maji ni ya machimbo na yananuka chuma. Baadaye nikahamishiwa kwenye miamba ya magharibi, ambako hakuna kamba. Kazi ni kukaa kimya kwenye jiwe baridi ukingoja tai watokee. Huko nilikuwa chini ya Msimamizi wa Milima, kijana mpole aliyekuwa na hofu ya nyoka na hakutaka tujue. Kisha nikarudishwa kaskazini, Diepsloot, kwenye kinamasi changu cha kwanza, na nikakaa huko hadi kamba yangu ya mwisho.

Nikiwa kusini tulipata mgeni, mzee wa Kiingereza aliyeomba kutembea nasi kwa kuwa anapenda ndege adimu. Tulimweka katikati na Daktari. Kiluwiri akatoka mbele ya kamba, akaruka kivivu miguu ikining'inia, akadondoka majanini. Mzee akavua kofia. Baadaye, tukinywa chai ya chupa, alisema kwamba katika jimbo alikozaliwa baba yake alikuwa akilalamika ndege yule anamnyima usingizi kwa kelele, na yeye mwenyewe tangu ajitambue hajamsikia huko hata mara moja.

"Mliwala?" Déo akauliza.

"Hapana. Tulianza kukata majani kwa mashine, mapema, wakati wako kwenye mayai. Hakuna aliyewachukia. Tulikata tu katika mwezi mbaya."

Kwenye pikapu Daktari hakuwasha redio njia nzima. Tulipokaribia Randburg ndipo akasema, kama anazungumza na usukani, "Nchi nzima yenye vitabu vyote vile vya ndege. Mwezi mmoja."

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Mkurugenzi wa kwanza alipostaafu, kiti kilimwendea Daktari, nasi tulishangilia. Déo alileta samaki wa kukaanga kutoka kwa Wakongo wenzake, tukala ofisini. Mwaka wa kwanza hakikubadilika kitu. Mwaka wa pili nikaona pikapu mpya. Mwaka wa tatu nikaona kwamba safari za Februari zimepungua na hakuna anayesema kwa nini. Wateja walikuwa wamegundua kampuni nyingine zinazokwenda mara moja tu na kumaliza upesi, na Daktari alikuwa na ofisi ya kulisha. Hilo nalielewa. Nimelea watoto katika mji huu. Mtu akiniambia ana ofisi ya kulisha sitamcheka.

Ila ilipofika zamu ya kinamasi cha Diepsloot nilikwenda mlangoni kwake nikabisha.

"Bi Mwana, karibu, keti."

"Nitasimama, Daktari. Nimeambiwa tunapitisha kamba kule Julai."

"Ndiyo. Mteja ana haraka."

"Pamechomwa. Nimepita na basi nikaona. Tutapitisha kamba juu ya masizi."

"Kila mtu anachoma majira haya. Ni kuzuia moto mkubwa."

"Kuzuia moto unachoma ukanda wa pembeni tu. Wamechoma kinamasi kizima."

Akageukia dirisha. Chini watu walikuwa wanavuka kwenye roboti, kama zinavyoitwa huku taa za barabarani, ile ya kijani ikiwaharakisha.

"Sikiza," akasema. "Nitaandika nini kwa hiyo ripoti? Nitaandika tulienda Julai, tukapitisha kamba, hatukuona bundi. Kuna uongo hapo? Nionyeshe neno moja la uongo."

Nilitafuta. Nakuambieni kweli, nilisimama pale nikalitafuta neno la uongo katika ile sentensi na sikulipata. Kila neno lilikuwa safi. Hapo ndipo hasira iliponishika, na haijaniachia hadi leo. Angekuwa hajui, ningemhurumia. Mtu asiyejua majira unamweleza. Huyu alikuwa ameyachukua yale yale aliyotufundisha, akayageuza ndani nje kama soksi, na sasa alikuwa anayatumia kujua ni mwezi gani wa kutokuona.

"Twende Februari," nikasema. "Mara moja tu, kama hutaki mbili. Ila iwe Februari."

"Februari mteja atakuwa amepata kampuni ingine."

"Basi mimi sishiki kamba."

Sikuona ukali usoni pake, na hilo liliniumiza zaidi. "Hakuna shida," akasema. "Utakaa stoo. Kuna vifaa vya kupanga."

Nikakaa stoo. Walipita na kamba bila mimi, ncha yangu akiwa ameishika dereva. Déo alirudi jioni, suruali yake ya pasi imekuwa nyeusi hadi magotini, akasimama mlangoni mwa stoo akijipangusa.

"Mmeona nini?" nikamuuliza.

"Kanga. Na mbwa wa mutu."

Akajaribu kucheka. Sikumsaidia.

Ripoti ikatoka, na kama ilivyo desturi ukaitishwa mkutano wa wananchi, katika ukumbi wa shule kule Diepsloot. Nilikwenda kama mtu wa kawaida. Wenye mradi walikuwa wamekaa mbele, na Daktari pembeni yao amevaa tai. Watu walikuwa wamejaa: vibibi vya Kizulu, vijana wanaotafuta ajira, wenye maduka ya spaza, vile viduka vya mtaani, wengi wao watu wetu kutoka Bara na Visiwani, na kinadada wa Kikongo wenye saluni. Nilipopewa nafasi nilieleza kwa Kiingereza na Kizulu changu cha sokoni kwamba kwenye kinamasi kile kuna ndege adimu na kwamba walimtafuta wakati hayupo. Nikamtaja ni ndege gani. Ukumbi ukavuma.

Hilo ndilo kosa nililofanya, na nililifanya kwa kukaa na wapenda ndege hadi nikasahau nimezaliwa wapi. Nilisimama mbele ya watu wazima wa Afrika nikawaomba wamtetee bundi.

"Mama," kijana mmoja wa spaza, Mzanzibari kwa matamshi yake, akasema nyuma yangu kwa Kiswahili, "yaani umepanda gari kutoka mjini kuja kututetelea bundi?"

Waliomwelewa wakacheka, na walioelewa kicheko wakacheka pia.

"Akilia juu ya bati langu anakufa nani, mimi au yeye?"

"Huyu halii juu ya mabati," nikamjibu. "Nyumba za watu hazitaki kabisa. Hata akizaa anazaa kwenye matope, mbali na wewe."

"Basi ana akili kunishinda."

Wakacheka tena, lakini sasa kijana alikuwa amesimama. Akawageukia waliokaa mbele, akauliza kwa Kiingereza kilichonyooka kama nyumba zitakazojengwa ni za watu wa Diepsloot. Mwenye mradi akajibu kwamba ni makazi yenye ukuta na lango, na kwamba watu wa Diepsloot watapata kazi za ulinzi na za bustani. Kijana akakaa.

"Kumbe mimi na bundi tuko fungu moja, Mama," akaniambia kwa sauti ndogo. "Samahani. Endelea."

Sikuendelea, maana Daktari alikuwa ameshika kipaza sauti. Alisema wataalamu wake walitembea eneo lote kwa njia inayokubalika na hawakuona bundi hata mmoja. Nikauliza kutoka kwenye kiti changu: mwezi gani?

"Majira ya ukavu," akasema kwa upole, na akamgeukia aliyenyoosha mkono nyuma yangu. "Swali linalofuata."

Ukumbi ule ulikuwa na watu wenye akili, watu waliovuka mipaka mitatu minne kwa miguu na kwa malori. Hakuna hata mmoja aliyesikia kilichopita hewani pale, kwamba ukavu huo ni Julai, baada ya moto, kwa sababu hakuna aliyewahi kufundishwa kukisikia. Tulikuwa wawili tu tuliokijua, mimi na yeye, na yeye ndiye mwenye kipaza sauti.

Nyumba zimejengwa. Sehemu ya juu yote ya kinamasi imezungushiwa ukuta wenye nyaya za umeme. Langoni wameweka sanamu ya bundi wa shaba, mabawa yamekunjuliwa, na jina la makazi yenyewe limetokana na yeye. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa kwenye ukingo wa barabara hadi mlinzi akanijia kuniuliza kama naumwa. Alikuwa Mrundi. Nilimwambia siumwi. Akaniletea maji hata hivyo.

Nilistaafu mwaka jana. Walinifanyia sherehe ofisini, keki yenye ndege wa sukari juu yake. Daktari alitoa hotuba nzuri. Alisema kampuni haijapata mshika ncha kama mimi, kwamba nilikuwa na mkono mtulivu, na yote hayo aliyasema kwa dhati, nilimwona macho yamelowa. Nikamshukuru. Keki sikuila.

Mnaniuliza, ninyi vijana mnaonijia siku hizi, kazi hii inataka nini. Inataka viatu vizuri. Inataka mtu anayeweza kunyamaza. Zamani ningeishia hapo. Sasa nasema inataka pia mtu wa kuuliza ametumwa lini, kabla hajauliza ametumwa wapi. Mkiambiwa mwende mahali baada ya moto, mkaambiwa mwandike mlichokiona, mtaandika ukweli mtupu na utakuwa ukweli wa kuulia. Watu hudhani ofisi zinaharibu kwa kudanganya. Niliyoyaona mimi, ofisi zinaharibu kwa kuchagua tarehe.

Na msidhani hasira inamfanya mtu mzee awe na hekima. Inanifanya niamke na taya linauma. Mume wangu, Mungu amrehemu, angeniambia ninywe maji nilale. Lakini niliwaona ndege wale wakipita juu ya kichwa changu kila Februari, nikashusha kamba na kuzunguka vichochoro vyao nisivikanyage, na mtu aliyenionyesha jinsi ya kuzunguka ndiye aliyewaachia wenye kiberiti. Niipeleke wapi hasira hiyo? Niikunje niiweke kabatini na shuka?

Haya yote ningeyaandika nikaishia hapo, kama si Jumamosi iliyopita.

Nilikuwa natia chai hodi ikabishwa. Alikuwa Déo, anahema kwa ngazi, koti begani. Nikamkaribisha, nikampa kiti cha dirishani ambako kuna hewa. Tuliulizana hali za watoto. Chai ikapoa nusu ndipo aliposema alichojia.

"Daktari amenituma. Sehemu ya chini imepata mteja. Ile ya karibu na mto."

"Ile iliyobaki."

"Ile. Anataka washika kamba wenye uzoefu, watu wasipate kusema ameweka watoto. Anasema ni wewe na mimi, asubuhi moja tu, gari itakufata hapa chini."

"Mwezi gani?"

Déo akaangalia chai yake. "Julai."

"Wamechoma?"

"Wanachoma Jumatatu."

Nikainua birika kumwongezea chai. Nilimjua. Ilikuwa kama mvuto wa kamba, kuna kitu upande wake.

"Sema," nikamwambia.

"Niliwaona, Dada. Mwezi wa tano nilipita pale jioni, peke yangu, bila kutumwa na mutu. Wawili wakubwa. Na makinda. Bado beko, nimepita tena juzi."

"Daktari anajua?"

"Nilimwambia mwenyewe, ofisini kwake."

"Akasema?"

"Akasema asante, Déo. Akasema Julai tutapita tuone."

Niliweka birika chini. Nje mtu alikuwa anagombana na mwenye nyumba kwa Kilingala, ghorofa ya chini, sauti inapanda ngazi.

"Mkutano ukiitishwa utasimama useme hivyo hivyo?"

"Dada Mwana." Alitoa leso akajifuta paji la uso. "Kibali changu cha kazi kimeandikwa jina la kampuni. Nikitoka kwenye kampuni natoka kwenye nchi. Weye una kitambulisho cha hapa. Hasira yako ina kitambulisho. Yangu haina."

Nilitaka kumkasirikia na yeye. Niliitafuta nafasi ya kumkasirikia, na nafasi ilikuwapo, pana. Lakini alikuwa amekwenda pale peke yake jioni, bila kutumwa. Daktari hakufanya hivyo.

Jina la Déo nimempa mimi, kwa sababu hiyo mnayoiona. Uvira pia naweza kuwa nimeibadili.

"Sitakutaja," nikasema. "Wakiuliza nani aliwaona, nitasema mimi."

"Lakini hujawaona."

"Niambie ni wapi."

Akasogeza kikombe. Kisha akachovya kidole kwenye chai na kunichorea juu ya kitambaa cha plastiki cha meza: mto hapa, ukuta unaishia hapa, nguzo ya umeme iliyolala upande, na kutoka nguzo, kuelekea mto, kiraka cha nyasi ndefu zaidi ambacho ng'ombe hawakifikii.

"Wanatoka jua likizama tu," akasema. "Utawasikia kwanza."

Nikaingia chumbani nikavaa buti. Buti za kazi sikuwa nimezigawa, ijapokuwa binti yangu alikuwa ameniomba. Nikachukua koti la mvua, tochi, na simu ambayo mjukuu ameniwekea kinasa sauti, nipate mlio wao pamoja na tarehe. Nilipotoka Déo alikuwa amesimama.

"Leo? Dada, na goti lako? Na mahali pale peke yako?"

"Leo ni Jumamosi. Kesho ni Jumapili. Jumatatu wanachoma."

"Ngoja basi niende na weye—" akaanza, akakatiza mwenyewe. Tulitazamana. Akirudi pale na mimi, wakamwona, itakuwa imekwisha kwake.

"Kuna kijana wa spaza pale karibu na kituo, Mzanzibari," nikamwambia. "Yuko fungu la bundi. Nitamwomba anisindikize hadi ukutani."

"Atakubali?"

"Atanicheka kwanza. Kisha atakubali."

Déo alinyoosha mkono kuchukua koti lake. Nikamzuia.

"Kaa. Tusitoke pamoja. Umalize chai yako, sukari iko kabatini, na mkate upo. Ukiondoka uvute mlango tu, unajifunga."

Kwetu mgeni ndiye anayeondoka, na mwenyeji humsindikiza. Déo, mtu wa adabu, hakujua akae vipi katika nyumba ambayo mwenyewe anatoka. Alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, kama ananingojea niinue mkono ndipo atembee.

"Na kamba?" akaniuliza. "Nimwambie nini Daktari?"

"Mwambie nilikuwa nimeshatoka."

Nikafunga mlango nyuma yangu, nikaanza kushuka ngazi.